Nambari, Karatasi na Watu: Uraia na Ongezeko la Idadi ya Watu Kaskazini Mashariki mwa Kenya, 1963–2025

Ikisiri

Kati ya sensa ya 1989 na ile ya 2009, idadi ya watu katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya ilipanda kutoka 371,391 hadi 2,310,757. Katika mijadala ya umma, ongezeko hilo limechukuliwa mara nyingi kuwa ushahidi wa wageni waliovuka mpaka na kujipatia vitambulisho. Insha hii inaichunguza hoja hiyo kwa kulinganisha madaftari matatu ya dola: sensa, usajili wa raia na usajili wa wakimbizi. Inabainisha kuwa kila daftari liliundwa kwa lengo lake, na kwamba sehemu kubwa ya utata wa uraia katika eneo hili imetokana na kulisoma daftari moja kana kwamba ni jingine. Uhamiaji ulikuwepo, na udanganyifu katika kutoa vitambulisho ulikuwepo. Lakini yote mawili hayatoshi kuieleza historia hii.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao tangu Katiba ya 2010 umekuwa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, unapakana na Somalia upande wa mashariki na Ethiopia upande wa kaskazini. Wakazi wake wengi ni Wasomali, na sehemu kubwa yao wameishi kwa ufugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kwa jamii ya aina hii, kuhama si tukio la kuandikwa katika historia ya ukoo bali ni utaratibu wa mwaka: mvua inaponyesha upande mmoja, mifugo huelekezwa huko. Dola ya kisasa, kwa upande wake, huhitaji kujua kila mtu anakaa wapi, alizaliwa wapi na ni wa nani. Mgongano kati ya mahitaji hayo mawili ndio kiini cha suala linalojadiliwa hapa.

Swali linaloongoza insha hii ni hili: je, takwimu za sensa zinaweza kutumika kuamua nani ni raia na nani si raia? Swali hilo linaweza kuonekana kuwa la kitaalamu tu. Hata hivyo, jibu lake limeamua ni kijana yupi atapata kitambulisho akitimiza miaka 18, na ni kaunti ipi itapata fedha kiasi gani kutoka hazina ya taifa.

2.0 Mpaka uliotangulia uraia

Serikali ya kikoloni haikuitawala kaskazini kama ilivyozitawala nyanda za juu. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 iliwezesha eneo kufungwa, watu wakaingia na kutoka kwa kibali. Na Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 iliongeza mamlaka ya maofisa juu ya mienendo ya wafugaji. Wakati Mwafrika wa Nyeri au Machakos alibeba kipande ili adhibitiwe kama kibarua, mfugaji wa Wajir alidhibitiwa kwa mipaka ya malisho na visima. Mpaka wa kimataifa nao haukutulia: Jubaland, iliyokuwa sehemu ya Kenya, ilikabidhiwa Italia mwaka 1925, na koo zilizokuwa chini ya utawala mmoja zikajikuta chini ya tawala mbili. Kwa hiyo, uhusiano wa ukoo unaovuka mpaka, ambao baadaye ungechukuliwa kuwa dalili ya ugeni, una umri mkubwa kuliko uraia wenyewe.

Uhuru ulipokaribia, tume iliyoteuliwa na Uingereza mwaka 1962 iligundua kwamba Wasomali wengi wa eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakutekelezwa, na wengi waliususia uchaguzi wa 1963. Tarehe 28 Desemba 1963, siku 16 tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo. Vita vilivyofuata, ambavyo serikali iliviita vya shifta, viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yaliyosuluhishwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Vita vilikoma, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ni katika mazingira hayo ambapo uraia wa Kenya ulianza kuwepo kisheria. Katiba ya uhuru ilimfanya raia wa moja kwa moja, tarehe 12 Desemba 1963, mtu aliyezaliwa Kenya iwapo mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Kwa maandishi, kanuni hiyo haikumbagua mtu. Kwa vitendo, ilidai uthibitisho wa kuzaliwa kwa vizazi viwili katika eneo ambalo cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu nadra na kizazi cha kwanza kilizaliwa malishoni. Palipokosekana karatasi, ushahidi uliobaki ulikuwa kauli ya chifu na wazee. Hivyo uraia ulitegemea tangu mwanzo neno la mtu juu ya mtu, na neno hilo lingeweza kutolewa kwa haki, kunyimwa kwa uhasama wa koo, au kuuzwa.

3.0 Sensa ya Agosti na msasa wa Novemba 1989

Sensa ya 1979 ilihesabu watu 373,787 katika mkoa huu. Ile ya Agosti 1989 ilihesabu 371,391. Katika muongo huohuo idadi ya watu wa Kenya nzima ilipanda kutoka milioni 15.3 hadi milioni 21.4, yaani kwa takriban asilimia 40. Kama mkoa ungekua kwa kasi hiyo ya taifa, ungekuwa na zaidi ya watu 520,000 mwaka 1989. Sensa inaonyesha pungufu ya watu wapatao 150,000 ambao hawakuwepo, hawakuzaliwa, au hawakuhesabiwa.

Sababu kadhaa zinaweza kutajwa. Ukame wa katikati ya miaka ya 1980 uliua mifugo na kuzisukuma familia mijini, zikiwemo zilizohamia Nairobi. Operesheni za usalama nazo ziliacha alama nzito. Mwaka 1980 mji wa Garissa ulikumbwa na msako wa kijeshi. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Serikali ilitaja vifo 57, ilhali Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliamini kuwa waliouawa walikaribia elfu moja. Si vigumu kuelewa kwa nini, miaka mitano baadaye, familia nyingi hazingekuwa na hamu ya kujitokeza mbele ya karani wa serikali na kumtajia wanaume wangapi wamelala nyumbani. Kwa mfugaji wa Wajir, kukusanywa na kuhesabiwa na dola kulikuwa na maana isiyofanana na ile aliyoijua mkulima wa Kakamega.

Miezi mitatu baada ya sensa hiyo, Novemba 1989, serikali iliwaamuru Wakenya wote wa asili ya Kisomali wenye umri wa kuanzia miaka 18 kufika mbele ya kamati za uchunguzi ili kuthibitisha uraia wao. Amri hiyo iliegemezwa kwenye Sheria ya Usajili wa Watu. Aliyekuwa na kitambulisho cha taifa hakusamehewa, kwa kuwa kitambulisho chenyewe ndicho kilichotiliwa shaka. Aliulizwa ukoo wake, chifu wake na wazee wake. Aliyeridhisha alipewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi, na baadhi ya walioshindwa walifukuzwa nchini. Hakuna jamii nyingine iliyotakiwa wakati huo kubeba karatasi mbili ili kuthibitisha jambo moja.

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Katika tukio la 1989 kamba ilifungwa kwenye mguu wa kuku wa nyumbani, na kuanzia hapo kamba yenyewe ikawa ndiyo dalili ya ugeni: aliyekuwa na kadi ya waridi alijulikana kuwa ni mtu aliyewahi kutiliwa shaka, na asiyekuwa nayo alitiliwa shaka zaidi. Ikumbukwe pia kuwa uchunguzi huu ulikuja baada ya sensa iliyoonyesha kupungua kwa watu. Wakati serikali ilipoanza kuwasaka wageni kwa nguvu zaidi, takwimu zake zenyewe hazikuwa zikionyesha ongezeko lolote. Shaka juu ya uraia, kwa hiyo, haikuzaliwa na ongezeko la watu. Ilitangulia, kisha ongezeko likaja kuipa hoja.

4.0 Kambi za Dadaab na daftari la tatu

Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na wakimbizi wakaanza kuvuka mpaka kwa maelfu. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa katika eneo la Dadaab mwaka 1991 na 1992, zikikusudiwa watu wapatao 90,000. Kufikia ukame mkubwa wa 2011, Dadaab ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 460,000. Pamoja nao lilikuja daftari la tatu: usajili wa wakimbizi, ulioendeshwa kwanza na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), na baadaye, kufuatia Sheria ya Wakimbizi ya 2006, kwa ushiriki unaoongezeka wa serikali ya Kenya.

Daftari hili lilikuwa na tabia moja ambayo mengine mawili hayakuwa nayo: lilitoa chakula. Kuhesabiwa katika sensa hakukumpa mtu kitu cha papo hapo, na kuomba kitambulisho kulimaanisha safari, gharama na maswali. Kuandikwa kuwa mkimbizi kulileta kadi ya mgao wa unga, mafuta na maharage, pamoja na zahanati na shule. Nje ya uzio wa kambi, wafugaji wa Garissa waliopoteza mifugo kwa ukame hawakuwa na huduma hizo. Baadhi yao waliandikisha watoto wao, au walijiandikisha wenyewe, kuwa wakimbizi. Kwa kanuni za usajili, huo ulikuwa udanganyifu. Kwa mantiki ya njaa, ulikuwa uamuzi wa kawaida wa mzazi.

Matokeo yake hayakuonekana mara moja. Alama za vidole zilichukuliwa na kuhifadhiwa, na mtoto akakua. Alipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha Kenya, mashine ilijibu kuwa vidole hivyo ni vya mkimbizi. Wazazi wake, ndugu zake na chifu wake walimjua kuwa Mkenya. Daftari lilimjua kuwa Msomali wa Somalia. Somalia nayo haikumjua kabisa. Makumi ya maelfu ya watu walijikuta katika hali hiyo, ambayo katika lugha ya utawala iliitwa usajili maradufu. Bila kitambulisho, mtu hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti ya benki, kuajiriwa rasmi wala kupiga kura. Na hata kupita vizuizi vya barabarani kati ya Garissa na Nairobi huwa ni bahati nasibu.

Tukio hili ni muhimu kwa hoja ya insha hii kwa sababu linapindua dhana iliyozoeleka. Hofu ya umma ilihusu mgeni anayejigeuza raia kwa karatasi. Wageni wa aina hiyo walikuwepo, na ununuzi wa vitambulisho kupitia maofisa wala rushwa ni jambo ambalo vyombo vya serikali vyenyewe vimelikiri. Lakini kulikuwa pia na mwendo wa kinyume, ambao haukutajwa sana: raia waliogeuzwa wageni kwa karatasi. Udhibiti uliokazwa ili kumzuia wa kwanza ulimnasa wa pili, kwani mwenye fedha za kununua njia alikuwa na nafasi nzuri ya kupita kuliko kijana maskini aliyetegemea ukweli mtupu.

5.0 Sensa ya 2009: nambari zinapokuwa fedha

Sensa ya 1999 ilihesabu watu 962,143 katika mkoa huu, ongezeko la asilimia 159 katika miaka kumi. Ile ya 2009 ilihesabu 2,310,757, ongezeko jingine la asilimia 140, wakati Kenya nzima iliongezeka kwa takriban asilimia 35. Uzazi peke yake hauwezi kuleta hayo. Jamii inayokua kwa asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni kasi kubwa mno, huongezeka kwa chini ya asilimia 50 katika muongo mmoja.

Agosti 2010, Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya alipotangaza matokeo ya taifa, alifuta yale ya wilaya nane: Lagdera, Wajir Mashariki, Mandera ya Kati, Mandera Mashariki na Mandera Magharibi, pamoja na Turkana ya Kati, Turkana Kaskazini na Turkana Kusini. Sababu iliyotolewa ni kuwa ongezeko halikulingana na mwenendo wa uzazi na vifo, na kwamba mgawanyo wa umri na jinsia haukuwa wa kawaida. Uamuzi huo ulipingwa mahakamani. Inafaa kuangaliwa kwamba wilaya tatu kati ya nane zilikuwa za Turkana, ambako wakazi si Wasomali. Hata hivyo, katika mjadala uliofuata, suala la Turkana lilizungumzwa zaidi kama kosa la kuhesabu, na la Mandera kama kosa la uraia.

Maelezo ya ongezeko hilo yanaweza kupangwa katika makundi manne. La kwanza ni msingi mbovu: ikiwa sensa ya 1989 iliacha watu wengi, basi sehemu ya "ongezeko" la 1999 ni watu waliokuwepo siku zote. Ukichukuliwa muda mrefu zaidi, kutoka watu 373,787 wa 1979 hadi 2,490,073 wa sensa ya 2019, kasi ya wastani ni karibu asilimia 5 kwa mwaka. Hiyo bado ni kubwa kuliko ya taifa, lakini ni nusu tu ya kasi inayoonekana mtu akipima kati ya 1989 na 2009.

La pili ni wakimbizi. Sensa ya Kenya humhesabu kila aliyelala nchini usiku wa sensa, awe raia au asiwe raia. Idadi ya watu wa eneo lenye kambi haiwezi kusomwa kama idadi ya raia, na sensa haikudai hivyo kamwe. La tatu ni uhamiaji nje ya kambi, hasa kupitia mipaka ya Mandera, ambao vita vya Somalia viliuchochea.

La nne ni motisha ya kuhesabiwa. Mkoa ambao miaka ya 1980 ulikuwa na kila sababu ya kumkwepa karani ulikuwa, kufikia 2009, na kila sababu ya kumtafuta. Uwakilishi bungeni na mgao wa fedha ulizidi kufungamanishwa na idadi ya watu. Na fomula ya kwanza ya kugawa mapato kwa kaunti, iliyoanza kutumika baada ya Katiba mpya, ilikipa kigezo cha idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Chini ya utaratibu huo, mtu mmoja kwenye karatasi ni shilingi halisi, na kila ukoo ulijua kuwa ukoo jirani unajua hivyo.

Takwimu za 2019 zinasaidia kupima uzito wa maelezo haya. Garissa ilipanda kutoka 623,060 hadi 841,353, na Wajir kutoka 661,941 hadi 781,263, lakini Mandera ilishuka kutoka 1,025,756 hadi 867,457. Kaunti inayopoteza asilimia 15 ya watu wake bila vita vikubwa wala uhamaji mkubwa unaojulikana inaashiria kwamba hesabu ya awali ilikuwa na kasoro. Aidha, Mandera haikuwa na kambi yoyote kama za Dadaab, ilhali Garissa iliyokuwa nazo iliongezeka katika kipindi ambacho wakimbizi wa Dadaab walipungua sana kutoka kilele chao cha 2011. Kama uhamiaji ungekuwa ndio ufunguo wa takwimu hizi, mwelekeo ungetarajiwa kuwa wa kinyume. Hivyo, sensa za eneo hili zinapima mambo mawili kwa pamoja: idadi ya watu, na uhusiano wa watu hao na dola katika mwaka husika.

Pamoja na udhaifu huo, takwimu hizo zilitumiwa kuhalalisha kupigwa msasa kwa kila mwombaji wa kitambulisho kaskazini. Mwombaji wa Nyeri alipeleka nyaraka zake na kusubiri. Mwombaji wa Mandera alifika mbele ya kamati ya maofisa na wazee. Mashambulizi ya kigaidi, hasa lile la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148, yaliupa utaratibu huo nguvu mpya ya kisiasa. Haya yaliendelea ingawa Ibara ya 12 ya Katiba ya 2010 inatamka kuwa kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati za utambulisho.

6.0 Hitimisho

Tarehe 5 Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa msasa huo, ili waombaji wa kaunti za mipakani wapitie utaratibu uleule wa Wakenya wengine. Tamko hilo lilishangiliwa kaskazini na kukosolewa kwingineko, na wakosoaji walirejea hoja ya usalama na ya idadi ya watu. Mabishano yenyewe yanaonyesha kuwa mkanganyiko uliochambuliwa hapa bado uko hai.

Insha hii imeonyesha kwamba sensa iliundwa kuhesabu wakazi, kitambulisho kuthibitisha raia, na usajili wa wakimbizi kugawa ulinzi na chakula. Kila moja lilikuwa na makosa yake, na makosa hayo yalikuwa na historia: woga wa 1989, njaa ya kambini, na ushindani wa mgao wa fedha. Kosa kubwa lilifanyika pale dola ilipochukua mashaka yaliyomo katika daftari la idadi na kuyahamishia kwenye mwili wa mtu mmoja mmoja. Kasoro ya takwimu ya Mandera ni tatizo la idadi. Haiwezi kujibiwa kwa kumnyima kitambulisho binti mmoja wa Mandera, kwa sababu hakuna hesabu inayoweza kuonyesha kuwa yeye ndiye aliyezidi.

Kwa watafiti wa historia ya uraia Afrika Mashariki, funzo la kimbinu ni kuwa takwimu za mipakani zisomwe sambamba na historia ya ukusanyaji wake. Kwa watunga sera, kuondoa msasa kwa waombaji wapya ni hatua moja tu. Walionaswa katika usajili maradufu wanahitaji majina yao yaondolewe katika daftari lisilo lao. Hadi hilo litakapokamilika, watakuwepo Wakenya waliohesabiwa katika kila sensa ya maisha yao, ambao nchi yao bado haijawaandika.